Kambi ilitufundisha watu, haikutufundisha bei

Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État yakitoka, mabishano yanaanza katika nyumba nyingi za Kambove, za Kipushi, za Luishia na za Kakanda. Mutoto amepata diplome. Baba anataka aende Lubumbashi kwa mujomba wake, aingie universite, na kama njia inafunguka afike Kitwe ao Johannesburg, na kwa nini si Bulaya. Mama ananyamaza kwanza. Kisha anasema: "Huyu mutoto hayazobelea. Kule batamukula muzima." Na kambo, pale karibu na mbabula yake, anauliza ni nani atakayemupikia.

Woga wa mama si wa kuchekwa. Kuna watu wenye kusema kama muji mudogo ni sanduku: mutu anakulia ndani, anajua barabara tatu na kanisa mbili, na siku kifuniko kinafunguka mwangaza unamupiga macho. Kuna wengine wenye kusema kinyume: mutoto wa muji mudogo amelelewa na kartie nzima, ana heshima, hawezi kupotea. Sisi tunaona kama wote wawili wanazungumzia muji wa kila fasi, na miji yetu si ya kila fasi. Kwetu shimo lilitangulia, nyumba zikafuata. Kama tunataka kujua miji hii ilitia nini ndani ya watoto wake, tuanze na yule aliyeijenga.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Katika miaka ya kwanza haikutaka miji, ilitaka mikono. Wanaume walikuja peke yao, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Walitumika miezi 6, wakarudi kwao. Wengine walikufa kwa magonjwa mbele ya kurudi. Kuelekea mwaka 1928 kampani ilibadilisha hesabu yake. Kumuita mutu, kumufundisha kazi, kisha kumupoteza kila mara, ilikuwa hasara. Basi ikasema: mutumikaji aje na bibi yake, kontra iwe ya miaka 3, apewe nyumba, posho, lopitalo na masomo. Watoto wazaliwe kambini, na kesho wakamate nyundo ya baba yao. Watu wakatoka Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi, na vijiji vya Katanga yenyewe.

Mukubwa wa kambi, muzungu, watu walimupa jina: changachanga. Ni yule aliyechanganya. Alimuweka Muluba karibu na Mubemba, Musonge karibu na Muchokwe, ukuta mumoja katikati, na hakumuuliza hata mumoja kama anapenda. Kampani ilifanya hivyo kwa faida yake, tunajua. Lakini watoto waliozaliwa nyuma ya ukuta ule walipata masomo ambayo hakuna mwalimu aliyeyaandika ubaoni.

Mutoto wa Likasi, akienda kuteka maji ku robine, alisikia Kisanga, Kiluba, Kibemba, Tshiluba, na Swahili ikiwaunga wote. Mbele ya kufika miaka 10 alijua kama mutu anaweza kula chakula kingine, kulia kilio kwa namna ingine, na bado akawa jirani wa kuombwa moto usiku. Siku mutoto huyo alivuka mupaka kwenda kutafuta kazi Kitwe ao Ndola, alikuta Kibemba sokoni, akajibu. Tunawajua watu waliofika Zambia bila karatasi hata moja ya maana, na nyuma ya wiki mbili walikuwa na fasi ya kulala, kwa sababu walijua kusalimu kwa lugha ya mwenye nyumba.

Tena kulikuwa sirene ya kazi. Watoto wa leo wanaichekelea, lakini sirene iliwafundisha wazee wetu kitu ambacho viwanda vyote vya dunia vinaomba: kufika mbele ya saa. Kuvaa kofia ya kazi bila kuambiwa mara mbili. Kumuachia mwenzako chombo kikiwa safi wakati timu inabadilishana. Mushona-vyuma wa Panda ao wa Shituru, ukimupeleka kokote, mukono wake unasema.

Tumuangalie Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya, muji wa zamani wa Msiri, mwaka 1930. Alikuja kutumika Jadotville, maana Likasi iliitwa hivyo wakati ule, na ni pale Jadotville, mwaka 1952, Hugh Tracey alimurekodi na gitare yake. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 Nairobi ilimusikia ndani ya redio. Mwaka 1969 alipiga Newport, kule Marekani, mbele ya watu ambao hawakuelewa neno hata moja la Swahili yetu. Mutu huyu hakupitia kwanza Paris ao Bruxelles ili dunia imusikie. Alipitia barabara za Jadotville, ambamo wapiga gitare wa kila kabila walikutana jioni nyuma ya kazi na kuibiana vidole.

Na ni katika muji ule ule V. Y. Mudimbe alizaliwa, mwaka 1941. Alifundisha Lubumbashi, akaondoka nchini, akafundisha Marekani mpaka uzee, akafariki kule mwaka 2025. Kitabu chake cha mwaka 1988, juu ya namna Wazungu walivyoitunga Afrika ndani ya vitabu vyao, kinasomwa katika universite za dunia nzima. Tusiseme kama Likasi peke yake ilimufanya. Monasteri, Lovanium na Louvain, hizo pia zilimufanya. Lakini mutu aliyezaliwa katika muji ambamo kampani iliamua nani alale wapi, si ajabu akikuwa na kuuliza ni nani aliye na haki ya kupanga watu wengine.

Watu wawili hawa tunajivunia, lakini si kipimo. Kipimo ni maelfu ya watumikaji ambao majina yao hayako katika kitabu chochote, na kwao dunia ilikuja ghafula, bila wao kuitafuta.

Turudi kambini. Nyumba ilikuwa ya kampani. Balbu ikiungua, uliita mutu wa kampani. Mutoto akigonjwa, lopitalo ya kampani. Daftari za masomo, kampani. Unga, maharagi, mafuta na samaki vilipimwa kufuatana na hesabu ya watoto. Bibi alienda foyer social kujifunza kushona na kupika. Hata sanduku ya kuzikia ilitoka kazini. Nyuma ya mwaka 1967, wakati serikali ilikamata kampani na Gécamines ikazaliwa, namna ile iliendelea. Watu walisema, na kusema kwa furaha: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa universite ya Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, mwaka 2001. Kichwa chake ni kama kilio: anawaita watu wetu Bana Shaba waliotupwa na baba yao.

Na hapa njo tunafika ku kisa chenyewe. Kambi ilimufundisha mutu kuishi na watu, ilimufundisha kazi, ilimufundisha saa. Kitu kimoja haikumufundisha: bei. Mutumikaji alijua uzito wa mufuko wa unga, hakujua unanunuliwa franga ngapi. Hakujua nyumba inapangishwa namna gani, wala kiti kimoja cha masomo kinamulipisha mutu pesa gani kwa mwaka. Mushahara ulikuwa mudogo lakini ulikuwa wa pombe, wa nguo, wa baiskeli na wa kutumia ndugu mugini. Vitu vikubwa mwengine alivihesabu, mu biro, na mutumikaji hakuona karatasi.

Kisha baba akaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400.000 kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1993 shaba ilikuwa chini ya tani 50.000, na mwaka ule ule Kipushi ikasimamishwa. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa miezi 6, ikachelewa mpaka watu wakaacha kuhesabu. Mwaka 2003, kwa musaada wa Benki ya Dunia, watumikaji zaidi ya 10.000 wakapewa pesa mara moja na wakaondoka kazini. Jina lilikuwa départs volontaires, kuondoka kwa kupenda. Mutu ambaye hayalipwa tangu miezi mingi, anapenda nini?

Nani kati yetu hana mujomba ao baba mukubwa katika hesabu ile? Mumoja alinunua minibisi ya zamani, ikakufa moto njiani mbele ya mwaka kuisha. Mwengine alifungua butike, ndugu wakachukua sabuni kwa deni, na hakujua kumukatalia ndugu, kwa sababu kambini hakuna aliyemukatalia jirani chumvi. Mwengine alilipa madeni ya miezi yote ile, masomo, munganga, mazishi, na jioni ile ile mikono ilikuwa mitupu. Leo watu wanapenda kusema: wazee wale walikula pesa. Sisi hatukubali. Kwanza, wengi wao wanasema mpaka leo kama hesabu ile haikuwa ya haki. Pili, mutu aliyeongoza tanuru ya shaba miaka 25 bila kumuunguza mwenzake si mujinga. Alikuwa amekatazwa masomo moja tu, na ekzame ya kwanza aliyopewa ilikuwa juu ya masomo yale.

Ni wamama waliofaulu. Hata mbele ya 2003, wakati posho ilianza kukatika, bibi wa mutumikaji alishika njia. Alioka mikate, aliuza makala, alilima upande wa barabara, alienda Kasumbalesa kuchukua unga wa Zambia na kuurudisha kwa kamyo, amekaa juu ya mifuko, mvua ikimupiga. Hakukuwa na shule iliyomufundisha. Lakini yeye, tangu zamani, njo aliyegawanya posho ili ifike mwisho wa mwezi; yeye njo aliyebadilisha maharagi na samaki kwa jirani. Alikuwa na bei yake, ndogo, ya uani, na siku soko kubwa lilimufungukia alikuta mahesabu ni yale yale. Profesa Dibwe anaonyesha namna mambo hayo yaligeuza nyumba: baba aliyeleta yote akawa wa kuomba, na sauti ya mama ikapanda. Kuna nyumba zilizovunjika sababu ya hayo. Ni neno la kuumiza, na wanaume wengi wa umri ule hawapendi lizungumzwe.

Na hata yale masomo ya kuishi na watu, ambayo tumeyasifu, tusiyasifu kupita kiasi. Mwaka 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa ndani ya nyumba zao. Walilala kwenye magari ya moshi, ndani ya viwanja vya gare, wiki na miezi, wakingoja treni, na wengine walizikwa wakingoja. Wengi wao walizaliwa kambini. Waliowafukuza walikunywa nao maji ya robine moja. Siasa iliyowasha moto ule ilitoka mbali na kambi, ndiyo, lakini mikono iliyobeba mawe ilikuwa ya watoto waliojuana kwa jina. Changachanga alichanganya nyumba. Kazi ilipopunguka, na maneno yakasema kama hakuna fasi ya wote, kuchanganyika kule hakukutosha kuzuia. Tunaandika hivi kwa sababu kuna vijana wa Likasi leo wenye miaka 20 ambao hawajui neno hata moja juu ya ile gare.

Sasa wasomaji watasema: hayo ni ya wazee, kambi imekwisha. Kambi imekwisha, lakini miji midogo imebaki, na dunia haingoji tena mutoto aifuate. Inakuja yenyewe. Fungurume ilikuwa fasi ndogo kando ya njia ya treni. Tangu kampani ya Wamarekani ilianza kutoa shaba na kobalti pale mwaka 2009, na Wachina wakanunua sehemu yao mwaka 2016, mutu wa Fungurume anakutana na dunia mbele ya mulango wake: Kiingereza, Kichina, dola, na kampani ndogo ndogo za sous-traitance zenye kubadilisha jina kila mara. Kipushi, iliyolala tangu 1993, ilianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Swali la mama wa Kambove, kama mutoto yuko tayari, sasa ni swali pia la mutoto anayebaki nyumbani.

Na huyu anayebaki, anakutana na karatasi. Baba yake aliweka kidole kwenye kontra ya miaka 3 na nyumba ikafuata. Yeye anasaini kontra ya miezi 3, ya Kifaransa kizito, na hakuna nyumba, hakuna posho, na munganga ni kwa namna walivyoandika chini, kwa herufi ndogo. Wengi wanasaini bila kusoma, kwa sababu mbele ya mulango wa biro kuna wengine 40 wanaongoja. Tunawaelewa. Lakini kopi ya kontra ni haki yako, na siku ya ajali karatasi ile njo itakayozungumza, si mukubwa wa timu aliyekuahidi kwa mudomo.

Kwa yule anayeondoka, kuna jambo lingine ambalo muji mudogo unamuficha. Kambove, watu wote wanajua kama fulani ni mushona-vyuma muzuri. Jina lake linatosha. Akifika Lubumbashi, ao Solwezi, ao mbali zaidi, jina halijulikani, wanaomba karatasi. Tumeona wafundi wenye mikono ya zahabu wakibeba mifuko ya simiti, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuomba attestation de service mbele ya kuondoka, na wakati waliporudi kuiomba, kampani ndogo ile ilikuwa imefunga na mwenye nayo hajulikani alikokwenda. Omba karatasi yako wakati bado mukubwa anakuona asubuhi.

Basi tumujibu nini mama? Kama anatuuliza sisi, mutoto aende. Heshima anayo, lugha anazo, na kazi ya mikono haimuogopeshi. Hayo hayapatikani kirahisi kwa watoto wa miji mikubwa, na mama ana haki ya kujivunia. Lakini ule mwaka wa mwisho, mbele ya safari, pesa ya chakula ya nyumba ikae mukononi mwake yeye mutoto. Mwezi moja, kisha mwingine. Aende sokoni, aone namna kopo ya unga inavyopanda bei wakati mvua imekata barabara. Akosee pale nyumbani, ambapo kosa lake ni kula mboga bila mafuta siku tatu. Alipe umeme mwenyewe, asimame kwenye mustari, aombe risiti. Apewe kusoma kwa sauti karatasi zote zinazoingia ndani ya nyumba, hata ile ya mazishi ya kambo, ajue ni franga ngapi zilitoka na nani alizitoa. Wazazi wengi wanaficha mahesabu kwa watoto, wakisema wasisumbuke, wasome kwanza. Hivyo ndivyo kampani iliwafanyia baba zetu.

Na mahesabu ya muji wenyewe pia yasifichwe. Sheria ya mines ya mwaka 2018 inasema kama katika redevance ambayo kampani inalipa juu ya madini, 50 kwa mia ni ya serikali kuu, 25 ni ya jimbo, 15 ni ya entité yetu ya karibu, commune ao sekteri ao chefferie, na 10 ni ya mufuko wa vizazi vinavyokuja. Tena kampani inapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi, na kusaini nao cahier des charges: masomo gani itajenga, visima vingapi, barabara ipi, katika miaka mingapi. Hiyo si siri ya biro. Katika kartie zetu kuna vijana wenye diplome ya biashara na mahesabu wanaokaa chini ya mwembe wakingoja simu. Watatu wao wanaweza kwenda ku commune siku ya kazi, na daftari na kalamu, wakaomba kuona mistari miwili tu: redevance iliyoingia mwaka uliopita, na ahadi za cahier des charges zenye tarehe iliyokwisha kupita. Kama wanajibiwa kama mukubwa hayuko, warudi kesho yake, na mama mumoja wa soko akuwe pamoja nao.